Fremu ya kaboni au ya chuma, ipi inadumu? Namna ya kuikagua na kuitunza kwa sisi wa Kigoma

Wadau naandika hii kwa sababu tangu watu waone ile baiskeli yangu nyeusi kila nikisimama mtu ananiuliza "hivi hiyo ya plastiki itakaa muda gani?", nikianza kujibu najikuta nusu saa nimesimama kwenye jua pale Mwanga sokoni, sasa bora niiandike mara moja halafu atakayeuliza namtumia.

Ninazo mbili. Moja ni Phoenix ya marehemu baba, chuma tupu, hiyo imebeba mawese, mkaa, magodoro na sisi watoto wote kwa zamu. Nyingine ni ya kaboni, niliuza mbuzi wangu wawili nikaongeza hela nikanunua kwa jamaa mmoja wa mashirika aliyekuwa anamaliza mkataba anarudi kwao. Nimezitumia zote kwenye njia zilezile, Ujiji, Gungu, Kibirizi, na ule mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga ambao kila anayeendesha baiskeli mjini hapa anaujua kwa mapaja yake.

Jibu fupi ni kwamba zote zinaweza kuishi kuliko wewe. Fremu nzuri haifi kwa kutembea kilomita nyingi, inauawa, na muuaji wa chuma siyo muuaji wa kaboni. Chuma kinaliwa na kutu, tena mara nyingi inaanzia ndani usikoona. Kaboni haijui kutu ila haitaki kugongwa kwa ubavu wala kubanwa kupita kiasi. Ukishajua hilo matunzo mengine yote yanafuata yenyewe.

Ngoja nieleze kidogo kwanini, maana ukielewa hii hutadanganywa dukani. Chukua spoki ya zamani ikunje na kuikunjua kwa nguvu, haichukui muda inakatika. Sasa chukua nyingine itikise kidogo tu, utatikisa mpaka uchoke wewe. Chuma ndivyo kilivyo, kina kiwango chake, ukikisumbua chini ya hapo kinavumilia mamilioni ya mara bila kuchoka, ndiyo maana unaona Phoenix za wazee bado zinapanda milima Kasulu na mkungu wa ndizi nyuma. Alminiamu haina hiyo bahati, kila ikipinda inahesabu, kwa hiyo watengenezaji wanaifanya nene na ngumu ili isipinde kabisa. Kaboni ni habari nyingine. Ni nyuzi nyembamba sana zimelazwa tabaka juu ya tabaka halafu zikashikwa na gundi ngumu ya epoksi, fikiria mkeka uliolowekwa kwenye gundi ukakauka. Ukiuvuta kwa urefu wa ukindu wake huukati, ila ukiupiga na ncha ya jembe unatoboka. Kwa kukanyaga pedeli tu kaboni nzuri haichoki kirahisi, tena wataalamu wanaisifia kwa hilo kuliko chuma. Kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 4210, humo fremu inafungwa kwenye mashine inakanyagwa pedeli mara 100,000 na haitakiwi kuonyesha ufa, na hawajali ni ya chuma au ya kaboni, mtihani wanafanya wote.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba usiulize imetembea miaka mingapi. Uliza imeanguka mara ngapi. Atakwambia haijawahi. Sawa, mwambie asante halafu kagua mwenyewe hivi.

Osha kwanza. Namaanisha osha kweli, maji na sabuni, vumbi jekundu letu linaficha kila kitu na muuzaji analijua hilo. Ukiona stika imebandikwa mahali pa ajabu, katikati ya bomba ambapo hakuna sababu ya kuweka stika, ibandue hapohapo. Akikataa, ondoka.

Kama ni ya chuma, pitisha kidole taratibu chini ya bomba linaloteremka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedeli, sehemu ya juu kabisa nyuma tu ya kile kibomba kifupi cha usukani. Ukikuta mkunjo, hata mdogo kama kunyanzi ya nguo, hiyo baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Halafu angalia rangi kwenye maungio yote, hasa pale ekseli ya pedeli inapopita na pale bomba la siti linapoingia. Mstari mwembamba wa kutu unaozunguka bomba kama pete siyo mchubuko, huo ni ufa na kutu inatokea ndani yake. Mchubuko unakaa hovyohovyo, ufa unafuata mstari.

Kisha toa siti na bomba lake, igeuze fremu kichwa chini, igonge na kiganja. Ikitoka unga mwekundu kidogo ni kawaida ya umri. Yakitoka magamba, vipande kama vya kandambili iliyoungua, basi bomba limeshakuwa jembamba. Chukua bisibisi ukandamize chini ya ile nyumba ya ekseli ya pedeli kwa nguvu, ndipo maji yote yanakokimbilia, ikibonyea usilipe hata mia.

Kuna kipimo kingine cha uzi ambacho nimefundishwa na fundi wangu, mzee mmoja yuko chini ya mwembe hapa Mwanga, sijaona kifaa cha bei kinachoshinda hiki kwa urahisi. Unachukua uzi wa kushonea viatu, unaufunga pale ekseli ya tairi la nyuma inapokaa upande wa kushoto, unaupeleka mbele unazungusha kwenye kibomba cha usukani unaurudisha kulia na kuufunga sehemu ileile. Kaza. Halafu pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la siti, kushoto na kulia. Zikilingana fremu imenyooka. Ikizidi upande mmoja milimita tatu nne, imepinda, na hiyo ndiyo sababu jamaa anasema "inavuta kidogo lakini utaizoea". Ya chuma inanyooshwa ikiwa baridi, mzee anaikanyaga na mguu na gongo refu inarudi. Ya alminiamu au kaboni usijaribu kabisa.

Sasa ya kaboni. Kaboni haipindi ikabaki imepinda, kwa hiyo kidole peke yake hakitoshi, unatumia sikio. Chukua sarafu ya mia mbili, gonga taratibu ukitembea sentimita moja moja kwenye kila bomba. Sehemu nzima inalia kavu, ti ti ti. Sehemu ambayo matabaka yameachana ndani inalia bubu, pu, kama unagonga muhogo uliooza. Ila usikurupuke, unene haulingani fremu nzima, karibu na maungio sauti inabadilika yenyewe, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia, mguu wa nyuma wa kushoto, yaani vile vibomba vyembamba vinavyoshika tairi la nyuma, na mwenzake wa kulia, pale pale. Upande mmoja ukilia ti na mwenzake pu ndipo uogope. Halafu pitisha kitambaa cha pamba au soksi ya zamani kila mahali, nyuzi zilizokatika zinanasa pamba kama miba. Bonyeza na dole gumba sehemu yoyote yenye mchubuko uliozama, ikiwa laini kuliko jirani yake mwachie mwenyewe. Sarafu haioni kila kitu lakini inaona vingi.

Foki ndiyo usiifanyie mchezo, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele pamoja na shingo yake inayopanda ndani ya fremu. Fremu ikikatika nyuma unaweza kukaa chini kwa makalio ukaenda nyumbani na aibu, foki ikikatika unateremka kwenda stesheni kwa uso. Ikiwa ya kaboni mwambie fundi aitoe nje muiangalie shingo yote kwenye mwanga. Dakika kumi tu.

Na kama muuzaji anakuletea kaboni ya kizamani sana, zile ambazo mabomba ya kaboni yamegundishwa kwenye soketi za alminiamu, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Zilikuwa na sifa zake, Mmarekani Greg LeMond alishinda mbio za baiskeli za Tour de France za 1986 na kaboni ya aina hiyo, ila gundi kwenye maungio ikishazeeka inaachia, na alminiamu ikigusana na kaboni halafu ukatia maji ya chumvi inaliwa. Siku hizi nyingi zinatengenezwa kwa kuumba fremu nzima, hiyo shida imepungua.

Hapo kwenye kugusana ndipo na mimi nilipoumia, ngoja nikuambie ujifunze bure. Bomba la siti yangu ni la alminiamu limeingia kwenye fremu ya kaboni. Lilikuwa linateleza, kila nikishuka Katubuka siti imeshuka sentimita mbili magoti yanagonga kidevu, basi nikaenda kwa yule mzee chini ya mwembe. Shikamoo fundi, marahaba mwanangu. Akaitazama, akagonga na ukucha, akasema "mwanangu hii ni plastiki, mimi siikazi, ikaze mwenyewe". Alikuwa ananiheshimu na mimi sikuelewa. Nikachukua spana yake ndefu nikakaza kama nakaza nati ya gari, nikasikia krak. Sauti ndogo tu, kama karanga. Ufa ukatokea kwenye mdomo wa bomba, urefu wa kucha. Mzee hakusema kitu, akaniletea kigoda nikae.

Nilikuwa sijasoma kilichoandikwa palepale kwenye ile klempu, ile pete inayobana bomba la siti, 5 Nm, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza. Baiskeli nyingi za kaboni zina namba kama hizo kwenye bolti zake, na siyo mapambo. Ukiwa huna spana ya kupimia fanya hesabu hii. Nm 5 ukitumia alenki yenye urefu wa sentimita 10 ni sawa na kuning'iniza kilo 5 kwenye ncha yake. Dumu la lita 5 la mawese likijaa linakaribia kabisa uzito huo. Mimi nilifanya kweli, nikafunga dumu kwenye ncha ya alenki kwa kamba, alenki imelala usawa wa ardhi, nikaona jinsi inavyokaza kidogo tu, nikacheka kwa uchungu maana ile siku niliweka labda mara nne ya pale. Baada ya kufanya hivyo mara mbili tatu mkono unazoea. Na siti ikiteleza dawa siyo kukaza, dawa ni ile grisi maalumu ya kaboni yenye chembechembe kama mchanga, inashika bila kubana sana. Ukikosa, futa mafuta yote kwenye bomba pakauke kabisa, grisi ya kawaida ndiyo inayoteleza. Halafu kila baada ya miezi miwili mitatu toa hilo bomba, futa, rudisha, maana jasho na maji ya mvua yakikaa hapo katikati alminiamu inachanua unga mweupe na bomba linaganda kama limechomelewa. Kwenye chuma pia linaganda, kwa kutu, tofauti ni kwamba kwenye chuma unapaka grisi kwa wingi na hamna neno.

Jua wala usiliogope sana. Ni kweli epoksi inaharibiwa na jua polepole lakini rangi na vanishi vinaikinga, kazi yako ni kuziba sehemu iliyochubuka. Rangi ya kucha ya mke wangu imefanya kazi hiyo mwaka mzima sasa, na yeye ameshajua.

Tuje kwenye kutu, hapa ndipo Kigoma ina mambo yake. Watu wanadhani ziwa ndilo linaozesha baiskeli. Maji ya Tanganyika ni baridi, siyo ya bahari, mtu anayeosha baiskeli yake pale Kibirizi hajakosea sana mradi aikaushe. Shida ni chumvi. Wale wanaobeba chumvi ya Uvinza kwa baiskeli, angalia fremu zao chini ya keria, magunia yanavuja, chumvi inavuta unyevu usiku kucha, kufika mvua ya pili miguu ya nyuma imeota magamba. Ukibeba chumvi weka nailoni chini ya gunia na jioni mwagia fremu maji safi, mengi, siyo kufuta na kitambaa kikavu, kufuta unaisambaza tu.

Kwa ndani fanya hivi mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi kabla mvua hazijakolea. Toa bomba la siti, mimina nusu kikombe cha oili ya injini iliyo safi, ziba na kitambaa, ilaze fremu upande huu, ugeuze upande ule, isimamishe, iinamishe, dakika kumi unaichezea kama mtoto wa kuogeshwa, halafu iache usiku mzima oili iliyobaki ichuruzike chini. Chini ya nyumba ya ekseli ya pedeli fremu nyingi zina kitundu kidogo. Hicho kimewekwa makusudi maji yatoke, nimeona watu wanakiziba na sabuni ati vumbi lisiingie, wanajichimbia kaburi. Na msitumie mawese jamani, najua yapo kila nyumba, yakikaa yanachacha yanakuwa na asidi, halafu siafu.

Kuhusu mzigo sitasema mengi kwa sababu jibu liko wazi. Kaboni siyo ya mzigo. Keria ya kubana na klempu inaponda bomba, mtoto kukaa bomba la juu inaponda bomba, na ile mipira ya tyubu tunayofungia magunia ukiivuta mpaka mwisho inabana kuliko unavyodhani. Kwenye basi la Kasulu usikubali konda ailaze kule juu magunia yakae juu yake, bora uikatie tiketi ya kiti. Na ule uzito wanaojisifia, fremu ya kaboni kilo moja hivi, ya chuma ya kawaida mbili mpaka tatu, ni uzito wa kweli ukiwa unapanda mlima mtupu na kijasho chako. Ukiwa na dumu la lita 20 nyuma, hizo kilo mbili ni utani.

Ikivunjika je? Chuma kinapona, ila chagua fundi. Phoenix na jamii yake mabomba yao ni manene na yameungwa kwa shaba ndani ya soketi, kwa hiyo mwambie achomelee kwa gesi na shaba. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi wakati chuma kinataka karibu 1,500, bomba linabaki salama. Kwa welding ya umeme ukipata kijana mwenye haraka anatoboa bomba kisha anajaza mabonge juu, unaondoka unaona imenenepa unafurahi, baada ya mwezi inakatika pembeni ya bonge. Zile fremu nyepesi za chuma cha kromoli ndiyo usizipeleke kabisa kwa welding ya umeme ya mtaani, katikati ya bomba zinaweza kuwa na nusu milimita tu.

Kaboni nayo inatengenezeka, watu hawaamini. Wanasugua sehemu mbovu mpaka wafike kwenye nyuzi nzima, wanalaza matabaka mapya ya kaboni na epoksi, wanabana, inakauka, wanapiga msasa. Huko Ulaya na Marekani ni kazi ya kila siku. Hapa sijapata mtu, na gundi ya madukani yenye tyubu mbili peke yake bila nyuzi haifanyi kazi, inaziba macho tu. Ule ufa wangu uko kwenye mdomo wa bomba la siti, niliagiza bomba refu la siti linaloshuka chini kabisa kuupita ufa, klempu nikapunguza kuikaza, na kila Jumapili naugonga na mia mbili na kupima na rula. Una milimita 11, ulikuwa 11 mwezi wa nne. Ukifika 12 naivua vifaa nahamishia kwenye fremu ya chuma.

Na ikifika hapo msiikate na msumeno bila kufunga pua na mdomo, vumbi la kaboni linawasha ngozi na kifuani siyo pa kuliweka, lowesha na maji wakati unakata na uvae mikono mirefu. Lakini kata, iwe vipande viwili, kwa sababu ukiitupa nzima nyuma ya nyumba kesho utaikuta inateremka barabara ya Lumumba na kijana wa mtu juu yake. Ya chuma wanunuzi wa skrepa wanakuja mpaka mlangoni na mizani.